Burrow Kabla Hajawa Burrow

Pasi 39 zilizorushwa, 29 zikafika, yadi 287, tachidauni 2. Hiyo ndiyo jumla ya kazi aliyoiacha Joe Burrow Ohio State baada ya miaka mitatu. Kwotabeki mwenye njaa huweza kumaliza hesabu hiyo yote kabla ya mapumziko ya mechi moja. Mwaka na nusu baadaye kijana huyohuyo, akiwa amevaa jezi ya LSU, alimaliza msimu wa 2019 na yadi 5,671 na pasi 60 za tachidauni, akabeba tuzo ya Heisman ya mchezaji bora wa vyuo, akatwaa ubingwa wa taifa, na Cincinnati Bengals wakamchukua wa kwanza kabisa katika uteuzi wa wachezaji wa kulipwa wa 2020.

Simulizi zilizojengwa juu ya takwimu hizi ni mbili, na zote zina kasoro. Ya kwanza inasema Burrow alivumilia, na mvumilivu hula mbivu. Ya pili inasema Ohio State walilala, wakaachia almasi iende zake. Nimezisikia hata kwa watu ninaoheshimu uchambuzi wao. Ukweli ni kwamba Burrow hakuvumilia hadi mwisho, aliondoka. Na Ohio State, kwa vigezo vyao wenyewe, hawakukosea. Sehemu ya hadithi iliyobeba uzito ni msimu wa 2018, ambao kila anayemsimulia Burrow huupitia kwa mistari miwili ili awahi kufika 2019.

Kwanza tuelewane kuhusu nafasi yenyewe, kwa faida ya msomaji asiyeufuatilia mpira wa Kimarekani. Kwotabeki ndiye anayepokea mpira karibu kila shambulizi linapoanza, akaamua ndani ya sekunde mbili tatu kama atautoa kwa mkimbiaji, atamrushia mpokeaji, au atakimbia nao mwenyewe. Timu ina majaribio manne ya kusogea yadi 10, ikishindwa mpira unakwenda kwa mpinzani, ikifika nao mwisho wa uwanja ni tachidauni. Chuo kikubwa huwa na wanafunzi zaidi ya 80 wanaosomeshwa kwa ajili ya mchezo huu, lakini kwotabeki anayecheza ni mmoja. Hali yake ni ya golikipa. Winga wa akiba ana uhakika wa dakika 20 za mwisho, beki anaweza kuhamishwa upande. Golikipa namba mbili anasubiri wa kwanza aumie au aharibu, na kocha mwenye akili habadilishi golikipa kwa sababu ya kosa moja.

Ubaya zaidi, muda ni mfupi. Wakati ule kanuni za NCAA, chama kinachosimamia michezo ya vyuo, zilimpa mchezaji miaka 5 ya kutumia misimu 4. Mwaka mmoja unaweza kukaa nje ukifanya mazoezi tu bila msimu wako kuhesabika. Baada ya hapo saa inakwenda, uwe uwanjani au uwe unasugua benchi. Golikipa wa soka anaweza kuanza kung'ara akiwa na miaka 27. Kwotabeki wa chuo akifika 23 amekwisha kuwa mzee wa kijiji.

Burrow aliingia Ohio State, mjini Columbus, mwaka 2015 akitokea Athens, mji wa chuo kusini mashariki mwa Ohio, ambako baba yake, Jimmy, alikuwa kocha wa ulinzi wa Ohio University. Familia hiyo ilikuwa ya chuo cha Nebraska: baba alicheza huko, kaka zake wawili wakacheza huko. Nebraska hawakumpa mdogo wao nafasi. Alikuwa amechaguliwa mchezaji bora wa shule za sekondari wa jimbo zima kwa mwaka 2014, na fainali yake ya mwisho alipoteza kwa 56-52, matokeo yanayokuonyesha kwamba tatizo la timu ile halikuwa kwenye mashambulizi.

Sasa tazama alipoingia. Ohio State walikuwa ndio kwanza wametoka kutwaa ubingwa wa msimu wa 2014 kwa kutumia makwotabeki watatu. Braxton Miller aliumia bega kabla ya msimu. J.T. Barrett akashika, akavunjika kifundo cha mguu dhidi ya Michigan. Cardale Jones, chaguo la tatu, akaingia na kuwafunga Wisconsin 59-0, kisha Alabama 42-35, kisha Oregon 42-20 kwenye fainali. Miller akahamishiwa kwenye kupokea pasi, na bado wakabaki mabingwa wawili wakigombea kiti kimoja. Mtoto wa mwaka wa kwanza kutoka Athens alikuwa na kazi gani hapo? Alikaa nje msimu wa 2015. Mwaka 2016 akawa msaidizi wa Barrett, akiingizwa mechi zikiwa zimekwisha amuliwa na majukwaa yameanza kupungua watu.

Hapa ndipo hesabu ya pasi 39 inapodanganya. Pasi hizo zilirushwa Ohio State ikiongoza kwa mbali, mpango ukiwa ni kumaliza muda salama. Huwezi kumpima mtu kwa hilo, si kwa kumsifu wala kwa kumponda. Kipimo halisi kilikuwa kwenye mazoezi, mahali ambapo mashabiki na sisi waandishi hatufiki, na kwenye mazoezi fedha ya kwotabeki ni marudio. Namba moja hurudia mashambulizi mengi zaidi pamoja na kikosi cha kwanza, namba mbili hupata yanayobaki, na namba tatu mara nyingi huigiza kwotabeki wa mpinzani wa wiki hiyo ili mabeki wajifunze. Kushuka kutoka namba mbili hadi namba tatu, hatua ambayo nje haionekani hata kidogo, ni kupoteza darasa.

Agosti 2017 Burrow alishuka hatua hiyo. Alivunjika mfupa wa mkono wa kurushia akiwa mazoezini, akafanyiwa upasuaji, na Dwayne Haskins, aliyeingia chuoni mwaka mmoja baada yake, akapanda kuwa msaidizi wa Barrett. Novemba 25 ya mwaka huo, huko Ann Arbor, Ohio State walikuwa nyuma kwa pointi 20 kwa 14 dhidi ya mahasimu wao Michigan pale goti la Barrett lilipogoma. Haskins akaingia. Jaribio la tatu, yadi 13 za kusogea, uwanja wa ugenini unazomea: akarusha pasi ya yadi 27 katikati kwa Austin Mack. Shambulizi likaendelea, Ohio State wakashinda 31-20. Burrow alikuwa amepona, yupo pembeni ya uwanja akiangalia. Kama mkono ungevunjika Machi badala ya Agosti, pengine pasi ile ingekuwa yake.

Miezi mitano baadaye, kwenye mechi ya wao kwa wao inayofunga mazoezi ya Aprili, Burrow alifikisha pasi 15 kati ya 22 kwa yadi 238 na tachidauni 2. Hakuna aliyeweza kusema hajui kazi. Kocha Urban Meyer hakutangaza mshindi. Kwa kutotangaza alikuwa ametangaza, na Burrow alielewa. Mei 2018 akaaga.

Je, Meyer alikosea? Jibu ni msimu wa Haskins wa 2018: yadi 4,831, tachidauni 50, kipigo 1 na ushindi 13, ukiwamo wa mechi ya kufunga msimu, Rose Bowl, dhidi ya Washington. Hakuna kwotabeki yeyote wa Ohio State aliyekuwa amewahi kufanya hivyo. Mwaka uleule, Burrow alikuwa LSU, jimboni Louisiana, akirusha tachidauni 16. Ukiwaweka mezani mwishoni mwa 2018 na kuuliza nani alistahili kiti, hata baba yake Burrow angesita. Anayesema leo kwamba ilikuwa wazi anatumia macho ya 2020.

Kuhusu kuondoka kwenyewe, kuna jambo ambalo husahaulika kwa sababu halina msisimko: shahada. Wakati huo mwanafunzi aliyehama chuo kabla ya kuhitimu alilazimika kukaa nje mwaka mzima kabla ya kuruhusiwa kucheza kwingine. Aliyekwisha kuhitimu alicheza mara moja. Burrow alikuwa amemaliza shahada yake ya kwanza kwa miaka mitatu, kwa hiyo alihama akiwa na misimu 2 kamili mkononi. Angebakiza hata masomo machache, LSU wangempata kwa msimu wa 2019 peke yake, akiwa hajawahi kuongoza timu ya chuo kwenye mechi inayohesabika. Msimu wa 2018 ulilipiwa darasani Columbus. Sijawahi kuona filamu fupi ya kumbukumbu zake ikianzia hapo, na sishangai.

LSU, mjini Baton Rouge, ni chuo chenye uwanja unaoingiza zaidi ya watu 102,000 na chenye sifa, kwa miaka mingi, ya kuwa na mabeki wa kutisha na makwotabeki wa kuombea dua. Kocha mkuu Ed Orgeron alimchukua Burrow kwa sababu alihitaji mtu mzima kwenye nafasi ile. Kabla hata ya mechi ya kwanza, makwotabeki wawili waliokuwa wakigombea walifungasha virago. Alibaki Myles Brennan, ambaye nitamrudia.

Msimu ulianza vizuri kuliko takwimu zilivyoonyesha. LSU waliwapiga Miami 33-17 huku Burrow akifikisha pasi 11 tu kati ya 24. Wiki mbili baadaye huko Auburn, wakiwa nyuma 21-10, waligeuza wakashinda 22-21 kwa teke la mwisho la Cole Tracy, na Burrow alifikisha pasi 15 kati ya 34. Ni takwimu mbaya, tusipambe. Hata hivyo katika mechi 5 za mwanzo hakunaswa pasi hata moja. Timu iliyozoea kujimaliza yenyewe ilikuwa imepata mtu asiyeutupa mpira ovyo. Wengi walimwona kama dereva wa basi: hatasababisha ajali, na hatashinda mbio.

Kisha ikaja Oktoba. Florida wakawafunga 27-19 na kumnasa pasi mbili. Wakawashinda Georgia 36-16, wakawashinda Mississippi State, halafu Novemba 3 Alabama wakaja Baton Rouge na kuondoka na ushindi wa 29-0. Burrow aliangushwa mara 5 kabla hajarusha. Katika mechi hizo nne mfululizo hakurusha tachidauni hata moja. Sisi tuliokesha Afrika Mashariki hadi saa tisa usiku kuisubiri Alabama tulilala mapema kuliko tulivyopanga.

Naomba msomaji asimame hapo na kuugawa msimu ule sehemu mbili, kwa sababu wastani wa mwaka mzima unaficha jambo. Hadi jioni ile ya Alabama, mechi 9, Burrow alikuwa na pasi 6 za tachidauni na alikuwa akifikisha pasi kidogo zaidi ya nusu. Mechi 4 zilizofuata, dhidi ya Arkansas, Rice, Texas A&M na UCF, alirusha tachidauni 10 na kufikisha takriban pasi 68 katika kila 100. Najua mtu atasema Rice ilikuwa timu dhaifu, na ni kweli. Iondoe. Texas A&M haikuwa dhaifu: mechi ile ya Novemba 24 ilikwenda nyongeza 7 na kuisha kwa 74-72 dhidi ya LSU, Burrow akirusha tachidauni 3 na kukimbia na mpira mara 29, idadi ambayo hata mkimbiaji mahsusi angeilalamikia kesho yake. Alipoteza mechi, lakini kwotabeki wa mechi ile hakuwa yule wa Auburn.

Ushahidi wenyewe hasa ulikuja Januari 1, 2019, kwenye Fiesta Bowl huko Glendale, Arizona. UCF walikuwa hawajafungwa kwa mechi 25. Mapema kabisa, LSU wakikaribia kufunga, Burrow akarusha pasi upande wa pembeni, Brandon Moore akainasa na kukimbia nayo yadi 93 hadi mwisho wa uwanja. Burrow, kwa hasira ya kosa lake, akaanza kumkimbiza. Macho yake yalikuwa kwa mwenye mpira. Hakumwona Joey Connors, mwili mkubwa wa safu ya mbele ya UCF, akija kutoka kando. Alipigwa kifuani, miguu ikaacha nyasi, akalala. Ubao ukasoma 14-3.

Watu wengi huisimulia mechi ile kama hadithi ya ujasiri, na kuinuka pale kulihitaji ujasiri. Mimi kilichonivutia ni kilichofuata baada ya kuinuka. Kwotabeki aliyepigwa vile kwa kawaida huanza kuuangalia mwili unaomjia badala ya kuangalia mabeki wa nyuma wamejipangaje. Mguu wa mbele haukanyagi mbele, mpira unatoka sekunde moja mapema mno au unabaki mkononi. Burrow aliendelea kusimama ndani ya ukuta wa wazuiaji wake na kurusha mbali. Alimaliza na yadi 394 na tachidauni 4, tachidauni hizo zote zikija baada ya kipigo kile, na LSU wakashinda 40-32. Kama kuna mechi moja ya kumwonyesha mtu anayeamini 2019 ilishuka kutoka mbinguni, ni hiyo.

Sasa nisije nikaangukia upande wa pili. Kutoka pasi 57.8 kwa kila 100 hadi 76.3 ndani ya mwaka mmoja ni mruko ambao mtu mmoja haufanyi peke yake. Januari hiyohiyo Orgeron alimleta Joe Brady, kijana wa miaka 29 aliyetoka New Orleans Saints kwa kocha Sean Payton. Brady na kocha wa mashambulizi Steve Ensminger walimwaga wapokeaji watano uwanjani kwa wakati mmoja, wakimwacha Burrow bila mkimbiaji wa kumlinda, dau ambalo ungelicheza tu na mtu anayesoma mabeki haraka na asiyeogopa kugongwa. Ja'Marr Chase, aliyekuwa mgeni wa mwaka wa kwanza mwaka 2018 na kuishia na yadi 313, alifikisha 1,780. Justin Jefferson alitoka yadi 875 hadi 1,540. Vipaji hivyo vilikuwapo, vikawa vimekua, na mfumo ukabadilika ili uvitumie. Ulimhitaji pia mtu wa katikati aliyekwisha kosea vya kutosha dhidi ya Florida na Alabama.

Kwa hiyo ukiniuliza Burrow alijengwa wapi, nitasema sehemu ndogo Columbus na sehemu kubwa katika wiki zile za Oktoba na Novemba 2018, alipokuwa anachezea timu inayoshinda huku yeye mwenyewe hana takwimu za kujivunia. Timu nyingine ingemweka benchi baada ya 29-0. Orgeron hakumweka, ama kwa imani au kwa kukosa mbadala, na nadhani vyote viwili vilikuwamo.

Burrow hakuwa peke yake. Washindi wa Heisman wa 2017, 2018 na 2019, yaani Baker Mayfield, Kyler Murray na yeye, wote walikuwa makwotabeki waliohama chuo walichoanzia. Katika kura za 2019, nafasi tatu za juu zilikwenda kwa Burrow, Jalen Hurts na Justin Fields, na wote watatu walikuwa wahamaji. Hurts kisa chake ni kizito zaidi: aliifikisha Alabama fainali mbili za taifa, akatolewa mapumziko ya fainali ya pili, Januari 2018, ili Tua Tagovailoa aingie na kushinda. Akabaki mwaka mmoja zaidi, akainusuru Alabama kwenye fainali ya ukanda dhidi ya Georgia, kisha akaenda Oklahoma. Desemba 28, 2019 alikutana na Burrow kwenye nusu fainali. Burrow alirusha tachidauni 7 kabla ya mapumziko, mechi ikaisha 63-28.

Tangu wakati huo milango imefunguliwa. Kuanzia 2021 mchezaji anaweza kuhama bila kukaa nje mwaka, awe amehitimu au hajahitimu, na tangu Julai mwaka huohuo anaruhusiwa kulipwa kwa matangazo ya jina na sura yake. Burrow wa leo angeondoka Ohio State mapema, pengine baada ya msimu wa pili, na angelipwa kuondoka. Angekuwa bora zaidi? Nina shaka. Angepata marudio mapema, hilo ni kweli, lakini yumkini kwenye timu ambayo kocha wake angefukuzwa baada ya misimu miwili, akajifunza mifumo mitatu ya mashambulizi na asiumiliki hata mmoja. Makwotabeki wa aina hiyo tunawaona sasa kila Agosti, wakiwa na jezi ya nne kwa miaka mitano.

Na wale wanaodhani basi dawa ni kubaki na kusubiri, wamtazame Brennan. Alibaki LSU Burrow alipokuja. Alisubiri 2018, akasubiri 2019, akiwa msaidizi wa kwotabeki aliyekuwa na msimu bora kuliko yote iliyowahi kuonekana. Mwaka 2020 kiti kikawa chake. Katika mechi 3 alirusha tachidauni 11, akaumia misuli ya tumbo dhidi ya Missouri, msimu ukaisha. Agosti 2021, kabla msimu mpya haujaanza, akavunjika mkono nje ya uwanja, na Max Johnson akachukua nafasi. Agosti 2022, chuo kikiwa kimeajiri kocha mwingine na kusajili kwotabeki mwingine, alitangaza kwamba anaachana na mpira. Tachidauni 11 katika mechi 3 si takwimu za mtu asiye na kipaji. Burrow alipokuwa na mechi 3 LSU, pasi zake za tachidauni zilikuwa 3.